Waliookolewa na Kengele

Jumatatu, 3 Machi

Nimepigwa leo. Kofi moja, la nguvu zote, sikio la kulia linavuma mpaka sasa ninapoandika. Aliyenipiga ni mke wa Kinyozi. Simlaumu. Nasema simlaumu, lakini mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumrudishia, mlinzi akaudaka.

Mambo yenyewe ni haya. Kinyozi ananyoa watu siku za kazi, Jumamosi anapanda ulingoni. Juzi alipanda. Raundi ya nne akaenda chini, na hajaamka mpaka leo. Yuko hospitali, mashine ndiyo inayompumulia. Mkewe ametoka huko akaja moja kwa moja ofisini kwetu, Chama cha Ngumi, kanga yake ina damu iliyokauka begani. Anasema Desemba mumewe aliangushwa, na Daktari wa ulingoni akamwambia kwa kinywa chake: siku tisini usiguse glavu. Siku tisini hazijaisha. Alipoitwa kupigana tena, akamwambia mkewe, wamenisamehe. Sasa mama wa watu anataka kujua: nani huyo aliyemsamehe?

Nikalifungua faili la Kinyozi mbele yake. Desemba 14 – safi! Raundi zote zipo, alama zote zipo, hakuna kuanguka, hakuna siku tisini. Nikamwambia, dada yangu, mfumo hauna kitu kama hicho. Ndipo nikala lile kofi. Kisha akaibeba skrini yangu kwa mikono miwili, akaibamiza sakafuni, akaikanyaga mpaka vioo vikaingia kwenye soli. Na huo mfumo wako ufe naye, akasema.

Mfumo wa mafaili wa Chama niliuandika mimi. Mstari kwa mstari, miaka minne sasa. Haupotezi maandishi. Nimejiambia hivyo njia nzima, kwa sauti, watu wakanigeukia.

Jumanne, 4 Machi

Daktari anaapa kwamba aliandika. Desemba, kwenye tableti yake, pale pale ulingoni. Nikamwuliza, sasa mbona Jumamosi ulimwacha apande? Akakohoa kikohozi kisicho na makohozi. Eti alikuta faili safi, akadhani wakubwa wameshamalizana. Wakubwa gani? Akageukia dirisha. Nikamwambia, wewe ni muuaji. Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya karani na mlinzi. Akasema nina mdomo mchafu. Ninao! Wa kurithi.

Alasiri nikapita ukumbi wa mazoezi kumwona mdogo wangu. Nyumbani ni kitindamimba, ulingoni ni Tindo, na anapenda hilo la pili kuliko la kwanza. Tarehe kumi na tano anapambana na Nyigu. Pambano kubwa, picha yake iko kwenye kuta mji mzima. Nilimkuta anafanya mazoezi na kijana wa uzito wa juu. Ngumi ya kulia – pua ya yule kijana ikapasuka, damu mpaka kwenye kioo. Mdogo wangu akacheka. Akageuka kuchukua maji. Chupa iko kushoto kwake, karibu na goti. Akaipapasa. Mara ya kwanza hewa, mara ya pili hewa, mara ya tatu akaipiga ikabiringika.

Nikamwuliza, wewe mara ya mwisho kuangushwa lini? Mimi? Mimi sijawahi kulamba sakafu, dada, mwulize yeyote.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika kipimo. Kinatuma maandishi elfu nne kwenye faili moja, moja baada ya jingine. Yote elfu nne yamefika. Nikatuma elfu arobaini. Yote yamefika.

Basi Daktari ni mwongo.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari si mwongo. Nimeikagua tableti yake na yeye amesimama juu ya kichwa changu akinuka jasho. Maandishi yenyewe hayapo, hufutwa kila mwezi, lakini orodha ya kutuma ipo: Desemba 14, alasiri, faili la Kinyozi, imetumwa, imepokelewa. Imepokelewa na nani? Na mfumo wangu. Mfumo umesema ahsante, kisha umeyatupa.

Nimetuma laki moja. Yote yamefika. Nikachukua kibodi nikaitupa ukutani, herufi zikatawanyika chumba kizima. Mwenyekiti akachungulia mlangoni. Vitu vya Chama hivyo, bibi. Halafu akaingia, akafunga mlango, akaongea kwa upole unaotisha kuliko kelele zake. Kwa nini ninahangaika? Faili linasema Daktari hakuandika. Faili ndilo hati. Daktari atafutwa, mke wa Kinyozi atapata mtu wa kumlaani, na Jumamosi ijayo tunapigana. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Nikaokota ile kibodi, mfupa wake uliobaki. Akatoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelipata! Au karibu.

Leo mchana kulikuwa na mashindano ya chipukizi. Nilikwenda kukaa tu, macho kodo, kuwaangalia watu wanaoandika, siyo wanaopigana. Wanaoandika ni wawili. Daktari na tableti yake. Na Mjomba – kaka wa Mama, tumbo moja – mtunza muda wa Chama tangu sijazaliwa. Mkono wa kulia nyundo ya kengele, mkono wa kushoto tableti. Kengele ikilia, kidole gumba kinabonyeza: raundi imekwisha.

Mapambano matatu ya kwanza yalikuwa fujo tupu. Msichana mmoja aling'olewa jino, likaruka hadi kwenye daftari la jaji, jaji akalifuta na kuendelea. Sikuona kitu. La nne, kijana wa kona nyekundu kampiga mwenzake ngumi ya chini ya sikio sekunde za mwisho kabisa, yule akaenda chini kwa uso. Refa anahesabu. Nikamwangalia Daktari. Hakungoja! Alikuwa anaandika wakati refa anahesabu, vidole viwili, haraka haraka. Akamaliza. Hakutuma. Kidole kimening'inia juu ya kitufe. Kwa nini hutumi, baba? Kwa sababu kanuni ya Chama inasema jeraha huandikwa raundi ikishakwisha. Anangoja kengele.

Kengele ikalia. Kidole cha Daktari na kidole cha Mjomba vikashuka pamoja.

Ukumbi mzima ukapiga kelele: ameokolewa na kengele! Ameokolewa! Mimi nimesimama juu ya kiti nalia na kucheka, jirani yangu akadhani yule ni mwanangu.

Vipimo vyangu vyote vilituma moja baada ya jingine. Sijawahi kutuma mawili kwa mpigo.

Jumapili, 9 Machi

Ofisi tupu, mimi na feni. Nimeandika kipimo kipya chenye vidole viwili, vinashuka kwa mpigo mmoja. Mara ya thelathini na saba – andishi moja limepotea. Nikarudia. Mara ya kumi na mbili. Nikarudia. Mara ya sabini.

Niliandike hapa kwa lugha ya watu, maana itabidi nimweleze Mwenyekiti. Faili ni daftari. Anayetaka kuandika huuliza kwanza: mstari wa mwisho uko wapi? Akijibiwa, anaandika chini yake. Wakiuliza wawili kwa pamoja, kabla hata mmoja hajaandika, wote wanajibiwa mstari ule ule. Wa kwanza anaandika. Wa pili anaandika juu yake. Hakuna onyo, hakuna kelele. Faili linafungwa likiwa safi.

Ndiyo maana huwekwa kufuli. Unafunga, unauliza, unaandika, ndipo unafungua mwingine aingie. Kufuli lipo. Ila linafunguliwa mapema – ukishauliza, kabla hujaandika. Mwehu gani alilifungua mapema? Nikatafuta tarehe. Mwaka juzi, mwezi wa tisa. Jina langu. Tableti zilikuwa zinaganda kengele ikilia, Mwenyekiti ananifokea kila Jumatatu, nikalisogeza lile kufuli mistari minne juu. Tableti zikawa nyepesi. Nikapongezwa kwenye kikao, nikapewa kalamu yenye nembo. Na pembeni ya ule mstari nimeandika mwenyewe: hapa hakuna hatari.

Nimekwenda msalani nikajipiga makofi mbele ya kioo. Mawili, matatu. Halafu nikalia, halafu nikanawa.

Na nani hupotezewa maandishi? Si kila mtu. Ni yule aliyeangushwa kengele ikiwa karibu kulia. Aliyeumia kuliko wote, ambaye watu wanamshangilia kwamba ameokoka. Miezi kumi na minane nawachagua hao hao, mmoja mmoja, nawapaka wino mweupe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerekebisha. Mistari minne imerudi chini ilikokuwa. Kufuli halifunguliwi mpaka andishi limelala kwenye diski. Nimetuma laki moja kwa vidole viwili. Nikatuma milioni nzima. Hakuna lililopotea. Tableti zinachelewa kidogo, kama kupepesa jicho mara mbili. Kwa hicho kipepeso cha jicho Kinyozi hajui kama ni mchana au usiku.

Sina furaha hata chembe. Kilichopotea kimepotea.

Ila – saa tisa alasiri, nakunywa chai iliyopoa, likaniingia wazo. Andishi la Mjomba ni fupi: raundi imekwisha, basi. La Daktari ni refu. Fupi likiandikwa juu ya refu haliwezi kulifunika lote. Mkia unabaki nje! Faili halionyeshi huo mkia, maana faili linajua limekomea alipokomea Mjomba. Lakini diski yenyewe, ukiisoma mbichi, ukipita mwisho wa faili?

Nimeisoma mbichi. Faili la Kinyozi, Desemba 14, nyuma ya mwisho: "...apumzike siku 90." Nikagusa skrini kwa kidole. Upo! Mama wa watu hakusema uongo.

Nikapitisha msako kwenye mafaili yote. Mikia kumi na mitatu. Kumi na watatu, Mungu wangu. Wawili wameshaacha ngumi. Mmoja siku hizi anatembelea fimbo, na sote tulisema ni pombe. Nikashuka kwenye orodha nikiwasoma kwa sauti. Wa kumi na moja ni Tindo.

Januari 18, raundi ya sita, ya mwisho. "...jicho la kushoto. Siku 90. Asipigane."

Siku tisini zinaisha Aprili. Pambano ni Jumamosi.

Jumanne, 11 Machi

Nimempelekea Mwenyekiti mikia yote kumi na mitatu, imechapwa. Kasoma, kavua miwani, kauliza mikia hii ina saini? Haina. Ina jina la bondia? Haina, jina huwa mwanzoni, mwanzo umefutwa. Basi hii si hati, ni takataka za kompyuta. Na aliyefungua hilo kufuli ni nani vile? Nikamwambia, mimi. Akatabasamu! Akaniambia niende nyumbani nikapumzike, kazi nzuri ya kurekebisha, Chama kinashukuru, na nikifungua mdomo yeye atauchapa ule mstari wa kufuli wenye jina langu auonyeshe kwa mke wa Kinyozi, kwa mkono wake.

Mwonyeshe, nikasema. Nikavuta zile karatasi, naye akazivuta, zikachanika. Akanishika kiwiko akakikunja nyuma mpaka nikasikia kinalia. Nikamuuma. Nimemuuma mtu mzima, mwenyekiti wa Chama, kwenye nyama ya kidole gumba, mpaka chumvi ya damu. Mlinzi kanitoa nje kanibeba kiunoni kama gunia, na njiani ananinong'oneza, pole dada, pole.

Funguo wameninyang'anya. Nakala nimeshaibeba.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Mama. Mdogo wangu alikuwa mezani anakula. Nikamwambia pale pale, bila salamu: Januari 18 uliangushwa raundi ya sita, Daktari alikuandikia siku tisini, jicho la kushoto, na mimi ndiye niliyeyafuta bila kujua. Usipande Jumamosi.

Akaendelea kutafuna. Akasema niliteleza. Nikasimama kushoto kwake, nikainua vidole viwili pembeni ya uso wake. Vingapi? Dada, usinichezee. Vingapi, nimekuuliza! Akasema vitatu.

Mama akaweka kijiko chini.

Sikuuona mkono. Nilisikia tu upepo, na mlango wa kabati nyuma yangu ukatoboka, ngumi imepita sentimita mbili kutoka kwenye shavu langu. Sijui alilenga kabati au alinilenga mimi akakosea kwa lile jicho. Sijui, na sitamwuliza. Mama ameingia katikati anampiga kwa kiganja kifuani, pa, pa, pa, wewe mtoto, wewe mtoto, naye hakumgusa, kasimama tu anapigwa. Vifundo vya ngumi yake vinachuruzika damu. Akaniambia kama nikilisimamisha pambano hili, hana dada. Miaka tisa anapigwa usoni kwenye kumbi za shule ili apate Jumamosi moja yenye picha ukutani, na mimi nataka kuifuta na hiyo pia, maana kufuta ndiyo kazi yangu.

Hapo alinipiga barabara.

Mama alinisindikiza mpaka nje. Akaniuliza kama atapofuka. Nikamwambia, kupofuka itakuwa nafuu.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala. Nilikuwa narudia pambano la Januari kwenye orodha ya kutuma ya tableti ya Mjomba, imo kwenye nakala niliyobeba, napanga ushahidi wa kuwapelekea marefa. Raundi ni dakika tatu. Raundi ya kwanza, dakika tatu kamili. Ya pili, kamili. Tatu, nne, tano, kamili – Mjomba hakosei, watu wanamfananisha na saa ya benki. Ya sita: dakika mbili na sekunde arobaini na tisa.

Nikaisoma mara tano. Sekunde kumi na moja hazipo.

Nilimkuta anapiga pasi shati lake jeupe la Jumamosi. Nikamwekea karatasi juu ya lile shati. Akaisoma. Akazima pasi. Mwanangu, akasema, keti. Sikuketi.

Alikuwa anakufa, ndivyo alivyosema. Refa amefika saba, mtoto anainuka huku ananitafuta kwa macho, ananitazama mimi lakini hanioni, na mpinzani wake anasubiri ammalizie. Zimebaki sekunde kumi na moja. Mkono wangu uliigonga wenyewe.

Nikamwuliza, na baada ya pale? Ulimwona! Ulijua! Mbona hukusema alipopewa pambano jingine? Akasema alidhani Daktari kamhurumia kijana, hakuandika. Akamshukuru Daktari kimoyomoyo, akanyamaza.

Nilimshika ukosi. Mjomba wangu, aliyenifundisha kusoma saa. Nikamtikisa mpaka kifungo kikakatika kikaruka chini ya kitanda, nikamwita mzee mnafiki, nikamwambia Kinyozi yuko kwenye mashine kwa sababu ya midomo iliyofungwa kama huu wako. Hakunizuia. Ana mifupa myepesi siku hizi, sikujua.

Nilipomwachia nikaona kitu chote kwa mara moja. Daktari alidhani Mwenyekiti kafuta. Mjomba alidhani Daktari kahurumia. Kinyozi alidhani kasamehewa. Mdogo wangu, bila shaka, alidhani Mjomba kamwombea kwa wakubwa. Kila mmoja akashukuru kimya kimya akafunga mdomo asimharibie mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyefikiria ni kosa la mashine, kwa sababu kwetu hapa jina likitoka kwenye orodha ya waliozuiwa, ni mtu kaongea na mtu.

Nikamwambia, wewe peke yako ndiye shahidi wa sekunde hizo. Ukisema ulimwona akianguka na ulipiga kengele mapema, mkia wangu unapata kichwa. Akasema watamfukuza. Nikasema ndiyo. Akasema mama yenu atajua kwamba nilijua. Nikasema ndiyo, Mjomba, atajua.

Akapiga magoti kutafuta kile kifungo. Nikaondoka amepiga magoti.

Ijumaa, 14 Machi

Kinyozi amefariki, alfajiri.

Kupima uzito ilikuwa saa tano. Daktari alimpima mdogo wangu macho kwa tochi, dakika moja. Fuata mwanga. Kaufuata – kwa kugeuza shingo. Yeyote angeona. Daktari kaandika: mzima. Nikapiga kelele kutoka nyuma, mlinzi kanifunga mdomo kwa kiganja, leo hakusema pole. Mdogo wangu na Nyigu wakasimama uso kwa uso kwa ajili ya picha, Nyigu akamtemea mate, wakashikana, meza ya mizani ikapinduka, mtu akavunjika mkono. Watu walifurahi sana.

Marefa wamenirudishia barua yangu bila kuifungua.

Mjomba hapokei simu.

Jumamosi, 15 Machi

Saa saba mchana. Nimeingia ukumbini kwa tiketi, ushungi mpaka kwenye nyusi. Hewa ni jasho na vumbi. Daftari liko mapajani. Mke wa Kinyozi nimemwona safu ya tatu, kavaa nyeusi, kaja na ndugu wanne. Ametulia kabisa. Huyo namwogopa kuliko kelele zote hizi.

Saa nane u nusu. Mapambano manne yamekwisha. Mjomba yuko mezani, shati jeupe, kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Anapiga kengele yake kama siku zote. Dakika tatu, dakika tatu, dakika tatu. Hajaniangalia hata mara moja. Basi. Ameamua. Nimemlaani humu ndani ya daftari, nimeandika maneno, nikayakata.

Saa tisa kasorobo. Mdogo wangu ameingia. Ukumbi umechizika. Amevaa taulo kichwani, kocha amemshika bega la kushoto, anamwongoza. Hawezi kuziona ngazi! Nyigu yuko upande ule anarukaruka. Refa kawaita katikati, kawarudisha kwenye kona. Refa kanyoosha mkono kwa Mjomba.

Saa tisa na dakika mbili. Kengele haijalia.

Refa kanyoosha mkono mara ya pili. Mjomba kaweka nyundo chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kaivua kengele kwenye kibao chake, kaipakata. Kasimama. Hana kipaza sauti. Amesema kwa sauti yake ile ndogo: huyu alianguka Januari, mimi nilimwona, nikapiga kengele kabla ya wakati, na leo sipigi. Wamesikia safu mbili za mbele tu. Wakawaambia walio nyuma yao, wale wakawaambia wa nyuma yao, na kila safu inayoambiwa inasimama.

Chupa ya kwanza imempata shingoni.

Nimeruka viti. Sijui nimemkanyaga nani. Mwenyekiti anamkunja Mjomba mkono – vile vile alivyonikunja mimi – lete kengele, mzee, lete! Nimeichukua tableti ya Daktari mezani nimempiga nayo Mwenyekiti utosini, kioo kimepasuka, yeye kakaa chini. Daktari amekwenda chooni. Naapa, amekwenda chooni. Mtu kanisukuma, niko chini ya meza, naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitauma mtu mwingine. Refa anapiga kelele hakuna kengele hakuna pambano, ndiyo kanuni. Mbarikiwa! Mwenyekiti anamtuma mlinzi akatafute chuma, chuma chochote, sufuria, bomba, kitu cha kugonga.

Mashabiki wamemwangusha Mjomba. Naona viatu. Amejikunja juu ya ile kengele, imo tumboni mwake, wanampiga mateke mgongoni ili aachie. Haachii. Nimevuta mguu wa mmoja akaanguka, amekuja mwingine. Mke wa Kinyozi na ndugu zake wamefika mezani, wanapiga pia, sijui wanampiga nani, sidhani kama nao wanajua. Shati jeupe limekuwa jekundu. Mjomba ananitazama chini ya meza, uso kwa uso, pua inavuja. Ananiuliza ni saa ngapi. Nimemwambia, saa tisa na nane. Kasema, muda bado.

Na mdogo wangu muda wote huu alikuwa kwenye kamba anamtukana. Mzee mchawi! Umeniua! Nilimsikia, sauti yake inapasua kelele zote, analia huku anatukana. Sasa sisikii sauti yake.

Nimechungulia. Amepita kati ya kamba. Ameruka chini. Kocha kamshika, amempiga ngumi moja, kocha amelala. Watu wanampisha, wote, hata hawa wanaopiga wamesita, mguu mmoja hewani. Glavu bado ziko mikononi. Anakuja mezani moja kwa moja, uso ameugeuza pembeni ili aone kwa jicho la kulia. Nimemwita kwa jina lake la nyumbani, mara mbili. Hajageuka. Sijui anamjia Mjomba au hawa wanaompiga –